Nusu ya Mshororo

Mtaa wa Wafumaji,
Kartago.
Mwanzo wa Novemba, zeituni zikikamuliwa.

Mpendwa dada Restituta,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani huko Sirakusa? Mgongo wa shemeji Saturninus umepoa? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unaochechemea. Tangu tumzike baba, nyumba hii inanielemea. Nakula mkate wangu nimesimama, maana kukaa mezani peke yangu kumenishinda.

Barua yako imefika. Niliisoma mbiombio nikitafuta nusu ya pili ya ule mshororo wa kale niliokuanzia ili uumalizie, nisiione. Nikajiambia una shughuli nyingi.

Habari za hapa ni harusi. Cresconius, yule mwenye mashamba, amemwoza binti yake, akaniita nisome shairi. Nikalishona lote kwa vipande vya washairi wa kale, kama baba alivyotufundisha, bila kuongeza neno langu hata moja. Yale maneno ya mke aliyeachwa, anapomlaani mumewe akipanda merikebu, nikayatia kinywani mwa mama wa bibi harusi, yakawa baraka. Nilijisifu, dada. Nikasema leo watacheka mpaka walie.

Nikasoma, "Nenda, bahari imefunguka mbele yako," nikanyamaza, kama ilivyo desturi, ili wageni wamalizie. Wakanikodolea macho. Mtu mmoja akaendelea kutafuna lozi.

"Usione haya, mwalimu," Cresconius akaniambia. "Piga funda la divai, litakujia tu!"

Wakaangua kicheko. Nikamalizia mwenyewe, "wala usiutazame tena mlango wangu." Hapo ndipo makofi yakalia. Bibi mmoja akanishika mkono.

"Wewe una kipaji! Maneno haya umeyatoa wapi?"

"Kwa wazee wetu, mama."

"Hebu acha kujishusha. Haya ni yako, yanatoka moyoni."

Nilitamani ardhi inimeze. Zamani hata mpishi wa nyumba ile angeitikia kutoka jikoni. Sasa nasifiwa kwa maneno yasiyo yangu, kwa sababu hakuna anayewakumbuka wenyewe. Nina upweke, Restituta, sikufichi.

Tumebaki wawili tunaowakumbuka. Naogopa kukuuliza, na bado nakuuliza: nawe umesahau? Merikebu ya mwisho inang'oa nanga kesho, kisha bahari inafungwa, na jibu lako nitalingoja majira yote ya baridi. Kama umesahau, usinyamaze. Tunga nusu yako mwenyewe, hata iwe mbovu. Nitaipokea kana kwamba ndiyo ya kale.

Nisalimie shemeji, na shangazi Donatilla, na umbusu Vitalis mdogo mashavu yote mawili. Mungu awaepushe na homa za baridi na awape mafuta ya kutosha taani.

Wako akupendaye bila kupungua,
nduguyo Optatus.

Mshororo wenyewe nakuandikia tena, usije ukasema barua ile ilipotea:

"Ukinitafuta, nipo pale pale uliponiacha,