Limi Binti Ngassa, Aliyecheza Mzimu

Mwaka umetimia, Limi, tangu ulipotutoka. Ilikuwa Aprili ya 1955, masika yakiwa ukingoni, na kichomi ulikipata juu ya lori lisilo na turubai kati ya Geita na Kahama. Hapa nyumbani Nyasubi karai lako linaning'inia kwenye msumari uleule. Pembeni mwake bado kuna weupe wa unga wa muhogo, na hakuna aliyethubutu kuusugua.

Wachimbaji wa dhahabu wa Geita walikuita Mzimu, nawe ukaitika. Ukipita sokoni mtu alikusalimu kwa mbali, "Mzimu, shikamoo!" huku mguu mmoja uko tayari kukimbia. "Marahaba, mwanangu, njoo basi, leo nimeshiba," ulijibu, na soko zima likacheka. Tumelikosa jibu hilo mwaka huu. Sokoni wanatusalimu kwa upole mno siku hizi, na upole wao unatuumiza.

Yote yalianzia kwa mumeo, Marselino, mtu wa Ukerewe aliyerudi kutoka vita vya Burma akiwa amejifunza kamera jeshini. Mfanyabiashara mmoja wa pamba wa Shinyanga alimpa lori, mashine na shuka jeupe, azungushe sinema kambi kwa kambi. Sinema zenyewe! Mtu ananawa mikono. Mtu anapanda pamba kwa mistari. Wachimbaji waliotoka shimoni wamechoka walilala pale pale kwenye nyasi, wakikoroma.

Ndipo ukamwambia, "Baba Zipora, watu hawa wanashinda chini ya mawe yanayoporomoka, nawe unawaonyesha mtu na sabuni? Waonyeshe woga wao. Wautazame wakiwa wamekaa, wakiwa wengi, halafu warudi kulala."

Marselino alicheka. Hakujua kwamba ulikuwa umeshaifikiria sinema nzima, mwanzo hadi mwisho, ukiwa unachambua pamba.

Uliiita "Mama Karudi". Mwanamke anakufa, anamwacha mtoto anayenyonya. Kila alfajiri anatoka kaburini kuja kumnyonyesha, na kijiji kizima kinamkimbia isipokuwa mtoto mwenyewe. Mwanamke ulikuwa wewe, na mtoto alikuwa Zipora wako, hajaota jino. Sanda uliishona kwa amerikani. Uso uliupaka unga wa muhogo na majivu, na chini ya macho mafuta ya nyonyo ili mwanga ukigusa pang'ae. Wake za wachimbaji uliwafundisha kukimbia. Wao walikuwa wakikimbia kwa madaha, wameshika kanga zao, ukawaambia, "Anayeogopa hakumbuki kanga," ukawarudisha mwanzo mpaka jasho likawatoka. Wengine mpaka leo wanajivunia walivyokimbia.

Mwendo wa mzimu uliusomea kwa korongo. Ulikuwa ukikaa ukingoni mwa bwawa kumtazama anavyonyanyua mguu akiwinda chura, polepole, hadi mtazamaji anatamani kumsukuma. "Kutisha si kelele," ulimwambia mdogo wako Esta, "kutisha ni subira." Esta alidhani unaugua.

Kamera ya Marselino ilikuwa bubu. Kwa hiyo kila sinema ilipoonyeshwa ulisimama nyuma ya shuka, juu ya debe la mafuta ya taa, ukangoja pale unapofumbua kinywa kwenye picha, ukaachia ule ukemi, ule ukelele wako mrefu. Ee Limi! Wanaume wanaovunja mawe kwa nyundo walishikana mikono kama watoto.

Lakini wema wako watu hawakuuona mbele ya shuka. Baada ya onyesho uliwaita watoto waliolia, ukachuchumaa mbele yao na karai la maji, ukawaambia, "Haya, nisafisheni." Wakakunawisha kwa vidole vyao, unga ukatoka kidogo kidogo, na chini yake wakamkuta Mama Zipora, yule wa maandazi. Walirudi makwao wakicheka. Ulisema si haki kumpa mtu woga ukamwachia aende nao nyumbani.

Na lipo moja ulilolikataa katakata. Marselino alitaka ndani ya sinema awepo bibi kizee mwenye macho mekundu, ndiye aliyemloga marehemu. Uliinuka ukaweka chini kisu cha kumenyea muhogo. "Bibi zetu macho ni mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe wanayopikia. Ukimweka mmoja kwenye shuka lile, watu watatoka pale na mapanga. Sitaki. Mzimu wangu hakutumwa na mtu, anamtaka mtoto wake. Mzimu naye alikuwa mtoto wa mtu." Bibi yule hakuingia. Wako vikongwe katika vijiji vyetu wanaoota jua leo, na hawajui kwamba uliwahi kuwasemea.

Sasa tuseme la mama yako. Sinema ile iliwatenganisha ninyi wawili, na tukilinyamazia kumbukumbu hii itakuwa nusu.

Mama yako Mbuke, mayu kama tunavyomwita, alifuatana nanyi hadi Geita kumbeba Zipora. Wachimbaji walijitolea siku yao ya mapumziko, wakachimba kaburi la kweli mlimani nje ya kambi, na jioni wakakuteremsha ndani umefungwa sanda, wakakutupia udongo kidogo mbele ya kamera. Mayu alisimama na mjukuu mgongoni, akatazama. Marselino alipozima kamera ulipanda juu ukijipangusa vumbi, wachimbaji wakaanza kurudisha udongo.

"Mnafukia nini humo?" mayu aliuliza.

"Udongo tu, mayu," mchimbaji mmoja alimjibu.

"Kaburi halifukiwi tupu. Likichimbwa limefungua kinywa. Tafuteni mgomba muulaze humo, liwe limekula."

Jua lilikuwa linazama na dereva anapiga honi. Mgomba ungetoka wapi mlimani pale? Ulimshika mama yako bega ukamwambia, "Hili ni kaburi la sinema, mayu. Sinema haili mtu." Wachimbaji wakacheka, udongo ukaingia, kazi ikaisha. Mayu hakucheka. Kesho yake alfajiri, mlipokwenda kupiga picha ya kuamka, yeye alikuwa amekwishapanda lori la Kahama. Tangu hapo hakukanyaga penye sinema yako, na aliyetaka kumsimulia aliambiwa anyamaze.

Halafu ukafa.

Mazikoni mayu alisema neno moja tu, tulipokuwa tunaondoka. "Limekuja kudai." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tulijua ni kichomi. Tuliiona mvua iliyokunyeshea. Lakini tuliuona pia uso wa mama yako, na mbele ya uso ule kichomi kilikuwa jibu dogo.

Matanga yalipoanuliwa alimwita Esta. Wasiotujua waelewe: kwetu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemeshani ovyo, na Marselino, ingawa ni mtu wa Ukerewe, ameishika desturi hiyo kuliko sisi tuliozaliwa nayo. Kwa hiyo mayu alikaa ndani, Marselino uani, hatua chache tu, na Esta katikati mlangoni.

"Mwambie baba Zipora aichome ile picha. Kilichomlaza mwanangu kaburini kisibaki duniani."

Esta aligeuka. "Shemeji, mama anasema uichome picha."

Marselino alijibu akitazama chini. "Mwambie mama nitafanya atakavyo. Ila naomba mwaka upite. Zipora akue kidogo, aione mara moja. Hana pengine pa kumwona mama yake akitembea."

Mayu alikubali: mwaka mmoja, aione mara moja, kisha moto. Marselino aliliviringisha lile kopo la sinema ndani ya kanga yako ya mwisho, akaliweka uvunguni. Mwaka mzima tumelala tukijua umelala pale, na kwamba utachomwa.

Mwezi huu mwaka ukatimia. Tulitoka misani, mvua inanyesha, na watu wa Geita wameshuka kwenye lori wamelowa chapachapa. Mwenye ghala la pamba alitufungulia, maana msimu haujafika na ghala ni tupu. Tulitundika shuka lako, tukaziba madirisha kwa magunia, mchana ukawa giza. Marselino alisimama nyuma na mashine. Mayu aliwekewa kigoda mbele kabisa, amempa kisogo mkwewe kama inavyopasa, Zipora mapajani. Pembeni ya mlango tuliweka pipa na kiberiti.

Nyuma ya shuka tuliliweka debe lako. Euphrasia, rafiki yako wa kambini ambaye ulimfundisha ukemi, aliombwa asimame, akakataa kwa machozi. "Siwezi kumlilia mtu kwa sauti yake mwenyewe." Debe likabaki tupu.

Mashine ilipoanza kunguruma mayu alijifunika uso kwa kanga. Tulikuona sote isipokuwa yeye. Ulikuwa unatwanga, Limi. Unatwanga tu, unasema na mtu tusiyemwona, unapangusa jasho kwa mkono, vilevile kabisa. Esta alilazimika kuinama.

"Bibi," Zipora aliuliza kwa sauti, "yule mtoto nani?"

"Ni wewe," mayu alijibu ndani ya kanga.

"Na anayenishika?"

Mayu akaishusha kanga. "Huyo ndiye mama yako," akasema, na hakuipandisha tena.

Aliyaona yote. Aliona ukifa. Aliona ukiteremshwa mlimani pale kwenye kaburi alilokuwa amelisimamia, na udongo ukiingia, na mkono wake ukamkaza Zipora mpaka mtoto akalalamika. Si sinema tena, tulikuwa tunakuzika mara ya pili, na wengi wetu tulijuta kuja.

Ndipo ikafika alfajiri yako. Udongo ukatikisika. Kidole, kisha kiganja, kisha ukanyanyuka na sanda yako, polepole, kwa ule mwendo wa korongo. Wote mle ndani tulikuwa tumelibeba jeneza lako. Wale wachimbaji wa Geita, waliokuwa wameiona sinema hii mara nyingi na kuizoea, waliruka juu ya mabenchi wakakimbilia mlangoni, na pipa la kuchomea likaanguka. Nawe ukatutazama na kufumbua kinywa.

Hakukutoka sauti. Hakuna lililotuuma kama hilo, Limi. Kinywa chako wazi, kikubwa kuliko mlango, na ndani ya ghala hakuna kinachosikika ila mvua juu ya mabati.

Mayu akasimama. Esta alimrukia, alidhani anakwenda kulichana shuka. Lakini mama yako alitupa kichwa nyuma akapiga kigelegele, kile kirefu anachopigiwa mtoto anapozaliwa, kikaanza pale kinywa chako kilipofumbuka kikaisha pale kilipofumbwa.

"Ng'wana wane!" aliita. "Karibu! Karibu, mwanangu!"

Waliofika mlangoni walisimama. Mmoja mmoja walirudi, wakaokota mabenchi, wakakaa.

Msidhani alirukwa na akili. Mayu anajua shuka ni shuka. Picha ilipokwisha alikaa kwenye kigoda, akajipangusa macho, akamwambia Esta bila hasira, "Mwaka mzima najua kwamba mlimlaza. Sikujua kwamba anaamka." Kisha akasema, kwa sauti ambayo ghala zima liliisikia, "Mwambie baba Zipora asiichome. Mwambie arudishe pale anapoamka."

Marselino alikuwa amesikia kila neno. Lakini alingoja, mikono kwenye mashine, machozi yanamtiririka, mpaka Esta akatembea kutoka mbele hadi nyuma kumfikishia kwa heshima zake zote. "Shemeji, mama anasema urudishe." Ndipo akarudisha.

Uliamka tena. Na tena. Kila ulipofumbua kinywa mayu alikujazia, na baadaye Euphrasia naye, na wanawake wote uliowafundisha kukimbia, hata mashine ikapata moto ikabidi ipumzishwe. Zipora alikuwa amesinzia mapajani mwa bibi yake, kelele zote hizo hazikumwamsha.

Kopo limerudi uvunguni, ndani ya kanga. Na mgomba umekwishazikwa mlimani pale Geita. Mayu aliuchagua mwenyewe nyuma ya nyumba, pale ulipozoea kumwaga maji ya karai, na Marselino akaubeba kwenye lori akaulaza ndani ya ardhi kwa mikono yake. Kama kaburi lile lilikuwa linadai, sasa halidai. Hilo halikurudishi, tunajua.

Tunakuombea pumziko la amani sisi uliotuacha: mama yako Mbuke, mumeo Marselino, mwanao Zipora ambaye sasa anatembea uani polepole akinyanyua mguu mmoja mmoja kumtisha kuku, mdogo wako Esta, Euphrasia na akina mama wote wa kambini, na wachimbaji wa Geita waliokuchimbia kaburi la uongo na kisha la kweli.

Siku zote tutakukumbuka, Limi. Na ukiamka, hatutakimbia.