Kibao Chenye Jina la Aika

Germantown, Maryland
Jumatano, kabla ya Pasaka

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima na goti linakuvumilia na hizo mvua. Ombeni aliniambia masika yameanza kwa kishindo na mfereji wa juu umebomoka, poleni sana. Baba je, bado anakohoa asubuhi? Sisi huku tunaendelea vizuri. Aika hajambo, ameongezeka mashavu, na lile koti ulilomshonea limeanza kumbana makwapani. Dada Honorata ni mzima wa mwili, na shemeji Holger pia. Mengine nitayasema taratibu, ila nakuomba mama, usiruke ukasome mwisho kwanza.

Najua utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu wewe unaongea, dada anaongea, mimi naitikia. Na simu yenyewe dada huiweka mezani na sauti juu, kila mtu anasikia. Kwa hiyo barua hii nampa Godlisten, yule kijana wa kwaya anayeishi Lanham, kesho anasafiri kuja Moshi. Nimemwambia akukabidhi wewe mkononi, asimpe Ombeni wala mtu mwingine.

Ulitaka nikueleze Wajerumani wanaishije. Mji huu unaitwa Germantown, yaani mji wa Wajerumani, lakini shemeji anasema Mjerumani ni yeye peke yake, wengine wote ni watu wa dunia nzima. Nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, zote sura moja. Ukifika mlangoni unavua viatu na kupewa ndara za ndani. Kuna kikapu cha ndara za wageni. Asubuhi, baridi ikiwa inauma, shemeji anafungua madirisha yote, upepo unapita nyumba nzima, kisha anayafunga. Anasema hewa iliyolala ndani haifai kuvutwa. Takataka zina ndoo zake, karatasi kwake, chupa kwake, maganda kwake. Nilitupa ganda la ndizi kwenye karatasi, akaniletea amelishika kwa vidole viwili, hana hasira hata kidogo, akanieleza upya kama mwalimu wa chekechea. Jumapili ni kimya. Hakuna kufua, hakuna mashine ya kufagilia zulia, mpaka jioni wanakaa kwenye kahawa na keki. Na milango ya vyumba hufungwa yote. Hata chumba cha dada yangu mwenyewe nabisha hodi.

Chakula cha jioni sasa ndicho kilichonitoa jasho. Hawapiki! Ni mkate mweusi, mzito kama tofali, na jibini, na matango ya siki, na nyama baridi iliyokatwa nyembamba ukiishika unaona upande wa pili. Siku ya kwanza nilikaa na mikono mapajani nangoja chakula kije, kumbe ndicho kile. Serah, Mkenya rafiki yake dada anayelea wazee, alicheka akashika mbavu. Akamuuliza shemeji kama gesi iliwaishia ama ni adhabu, na shemeji akamjibu kwa utulivu kabisa kwamba gesi ipo.

Na mkate huo hawauli kwenye sahani, mama. Kila mtu ana kibao chake cha mbao, hapo hapo unakata, hapo hapo unapaka siagi. Shemeji anasema kwao tangu utoto kila mtu wa nyumbani ana chake. Cha kwake kimechomwa jina kwa chuma cha moto, na cha dada vilevile. Mimi niliwekewa sahani nzuri ya udongo yenye maua, nikaona nimeheshimiwa.

Basi jioni moja, hatujamaliza hata wiki mbili, nikakuta vibao vitatu mezani. Cha tatu ni kipya, bado kinanuka moshi, kimeandikwa AIKA. Mtoto alifurahi akakibusu. Dada akampigia makofi. Mimi nilicheka pamoja nao, ila mkate nikaurudisha mezani. Nilitazama meza: vibao vitatu na sahani moja. Ndipo nikajua mgeni ni nani katika nyumba ile.

Mama, sijifanyi sikuelewa uliponiambia nimpeleke Aika akamsalimie mama yake mkubwa. Nilielewa. Mimba mbili zilizomtoka dada nazijua, na najua ni nani aliyenibeba mgongoni wewe ukiwa umelazwa. Kumpa ndugu mtoto amlee si jambo la ajabu kwetu. Ila nilidhani ni jambo la kukaa na kuzungumza. Kumbe lilishazungumzwa. Siku za mwanzo dada alisema mezani kwamba Aika ataanza shule hapa mwezi wa tisa, na mimi nikainamisha uso nikasema sawa dada, tutaona, Mungu akipenda. Wewe ungesikia vile nilivyosema ungejua mara moja kwamba sijakubali. Mtu yeyote wa Machame angejua. Shemeji amekaa Moshi miaka kwenye mradi wa maji, Kiswahili anakiongea polepole na kwa usahihi kama anayepanga matofali, lakini yeye alisikia neno sawa tu. Kwao ukisema sawa, ni sawa. Akaenda kununua kitanda, akachoma kibao.

Kuanzia hapo nilikuwa natembea kama mwenye mwiba kwenye unyayo. Aika alipewa chumba chake. Jua likiwa bado halijazama vizuri analazwa, pazia linateremshwa, mlango unafungwa. Usiku wa kwanza alilia akiniita, dada akasema nikiingia nitamharibia, atazoea. Nikawa nakaa sakafuni nje ya mlango wake, nasikiliza pumzi. Alizoea kweli. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi ya kilio. Akajifunza kusema danke, yaani asante, akajifunza kupanga viatu, akawa anakwenda kwa dada kwanza akiamka. Na dada anampenda, mama, siwezi kumsingizia. Anamsuka taratibu bila kumvuta nywele, anamwimbia zile nyimbo alizoniimbia mimi. Nikiwatazama wawili nilijiona mchoyo, nikasema moyoni nani mimi wa kumnyima.

Mume wangu Elisante naye alikuwa akituma picha. Mara ya mwisho alituma kitanda cha Aika, amekiongeza urefu na kukipiga msasa. Hakuandika neno. Nilijifungia bafuni.

Serah ndiye aliyenisema. Alinikuta nakunja nguo za mtoto, akaniambia wewe msichana umekaa kwa hii nyumba kama kochi, kila mtu anakukalia tu. Nikamwambia mama ameshakubali, na dada ni mkubwa wangu, siwezi kumkatalia usoni. Akasema basi usimkatalie dada, mwambie huyo mzee Holger, na usimwambie kwa macho, kwa sababu huyo hasomi macho, huyo anangoja mdomo. Nikamwona mkorofi. Lakini maneno yake yalibaki yananikereketa.

Jumapili iliyopita, kwenye ile kahawa yao, shemeji alikuwa ameweka matawi makavu kwenye chombo cha maua, na yeye na Aika wakatundika mayai waliyoyapaka rangi. Ndivyo wanavyongoja Pasaka. Katikati ya keki dada akasema, kama anayeomba sukari, kwamba tiketi yangu ya Jumamosi ipo palepale, ila ya Aika ameshaisogeza. Kisha akanikatia kipande kingine. Nilisema asante. Mama, nilisema asante!

Jioni ile shemeji alipita ukumbini akanikuta sakafuni mlangoni kwa Aika. Akauliza kwa nini nimekaa chini wakati viti vipo. Nikasema napumzika. Alinitazama, akaenda. Nikasikia yeye na dada wanaongea chumbani kwa Kijerumani, sauti za chini, muda mrefu.

Sasa ndiyo nakuja kwenye neno lenyewe, na nakuomba ukae.

Juzi Jumatatu, tukiwa mezani, shemeji aliweka kisu chini. Wana desturi ya kukutazama machoni kabisa wakisema jambo, na mimi nimelelewa nisimkazie macho shemeji yangu. Akasema ana swali kwangu mimi, na anaomba nijibu mimi. Aliuliza kama ninataka Aika abaki. Ndiyo au hapana. Dada akasema haraka kwamba hilo lilishaisha, mama alishakubali. Shemeji akasema hajamuuliza mama, na hajamuuliza yeye. Akageuka kwangu tena, akasubiri. Nilitaka kusema tutaona. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikaangalia ile sahani yangu ya maua, nikainua uso, nikamtazama yeye, halafu nikamtazama dada, nikasema hapana. Nikasema hapana dada, nampenda, narudi naye.

Aika alikuwa anatafuna tango, krum, krum, ndiyo sauti pekee. Dada aliniuliza kama najua ninachomfanyia. Akasema mgongo wake ndio ulionikuza na leo namnyima hata kidogo. Akasimama akaacha mkate ameuma nusu, na katika nyumba hii hakuna anayeinuka kabla wengine hawajamaliza. Mlango ukafungwa. Shemeji aliniambia kwamba kama angejua, asingechoma kile kibao. Macho yake yalikuwa mekundu. Naye alikuwa anamtaka mtoto, mama, kuliko nilivyodhani. Ila aliuliza.

Jana dada hakunisemesha mchana kutwa. Leo asubuhi shemeji alipofungua madirisha na kwenda kazini, dada alikuja akasimama karibu yangu kwenye baridi ile, anatazama yale mayai. Akasema kwake pia ilikuwa Pasaka. Akasema ulimvalisha gauni la njano, ukampeleka kwa mama mkubwa kule Same, ukamwambia ni Pasaka tu. Sikukuu ikaisha, akawa kila siku analivaa lile gauni na kukaa kizingitini, ili ukija usimkute hajawa tayari. Alilivaa mpaka likakataa kupita kichwani. Ulipomrudisha alikuwa msichana mkubwa, na alirudishwa kwa sababu mimi nimezaliwa na anatakiwa mtu wa kunibeba.

Akasema usiku aliingia kumfunika Aika akakuta amelala na viatu. Alipomuuliza, mtoto akajibu anataka awe tayari tukienda kwa baba. Dada alikaa kwenye kitanda kile mpaka kukapambazuka. Akaniambia tiketi ameirudisha kama ilivyokuwa. Akaniambia pia nisikuandikie habari ya gauni, kwamba imepita. Mama, hilo nimemkatalia kimoyomoyo. Ni mara ya pili wiki hii namkatalia.

Sikuandikii ili nikuhukumu. Mimi pia nimezaa, na sijui mwaka ule mlikuwa mnakula nini. Nimesema hapana mahali ulipokwisha kusema ndiyo, na kama umekasirika nitapiga magoti nikifika. Lakini nitapiga magoti na Aika akiwa pembeni yangu.

Muda si mrefu uliopita tumekunywa chai. Dada ameweka sahani mbili za maua, yangu na ya Aika. Mtoto akauliza kibao chake kiko wapi. Dada akamwambia kinasafiri, kinakwenda kwa bibi. Amekifunga mwenyewe kwenye kanga yake, ameshakiweka sandukuni, akanigeuzia mgongo na kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Hatakupigia Pasaka hii, ninamjua. Mpigie wewe. Usimweleze kitu, mama, na usimwambie habari za mvua. Muulize lile gauni lilikuwa rangi gani, kisha umwache aseme.

Nisalimie baba, na Ombeni, na mama wadogo wote wa huko juu. Mwambie Elisante kitanda nimekiona. Mungu akulinde mpaka nitakapoushika mkono wako.

Mwanao akupendaye,
Anitha, Mama Aika