Mzinga Usio na Alama

Inyonga,
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa Baba Mdogo Ezekia,

Shikamoo. Habari za Tanga, na mgongo wako unaendeleaje? Huku sote ni wazima. Bibi amepona kikohozi, na asali ya mwaka huu ni nyingi. Ningekupigia simu, lakini mama anasema kwenye simu utanikatiza, kwenye barua huwezi.

Baba Mdogo, ile programu ya kuchuja barua taka imenichosha.

Ulipotuwekea kompyuta ya kikundi cha akina mama wafuga nyuki, ulinikataza kuchukua programu iliyofungashwa tayari na watu wa mfumo wa Linux. Ulisema nishushe msimbo wake niijenge mwenyewe, kwa sababu anayekula unga wa dukani hajui mahindi yake. Nilikutii. Jumamosi tatu zikaisha. Kila nikiijenga inadai kipande kingine. Nikikishusha, nacho kinadai mwenzake. Mwishowe ilikubali, na zile barua za "umeshinda gari" zikakoma. Nilijisifu mpaka shuleni.

Mwezi uliopita kompyuta ikajisasisha. Ikabadilisha kipande ambacho programu yangu ilikitegemea, nayo ikazima kimyakimya. Barua pepe zote zikakwama mlangoni siku tano, kisha zikarudishwa kwa waliozituma. Mnunuzi wetu wa Shinyanga akapiga simu kuuliza, "Nyie bado mpo kweli?"

Mama Nyanzala, mwenyekiti, hakunifokea. Alisema tu, "Mjukuu wangu, nyuki wanarudi mzingani bila kompyuta." Wenzake wakacheka. Tarehe 28 wanakaa kikao kuamua kama waifungie kabatini, wabaki na simu.

Nilimweleza mama, shemeji yako. Akauliza, "Hiyo kompyuta ingejuaje kwamba programu yako ipo?" Nikasema haikujua. Zilizofungashwa huingia kwenye orodha yake; yangu haimo. Akasema, "Basi umetundika mzinga porini bila alama ya ukoo, halafu unamlaumu aliyekata mti."



Jana niliiondoa programu yangu, nikaweka ile iliyofungashwa. Dakika sita, Baba Mdogo. Nilibaki nimeketi pale nikiitazama, nusura nilie kwa hasira. Kujenga sijaacha. Najifunzia kwenye kompyuta mbovu ya shule, ambayo haipokei barua ya mtu.

Naomba jambo moja. Kabla ya kikao, agiza ndoo yako ya asali kwa barua pepe, kama mteja yeyote. Nitaichapisha barua hiyo niisome mbele yao, waone kompyuta bado inafaa. Mama ameshaitenga ndoo, ila anasema haitoki mpaka barua ifike. Na tafadhali usiongeze ushauri ndani yake. Chujio jipya bado linajifunza kutambua barua taka.

Msalimie Mama Mdogo Happiness, na ndugu yangu Doto mwambie daftari lake nimelitunza. Bibi anawaombea. Mungu awalinde huko kama alivyoilinda mizinga yetu na moto wa mwaka huu.

Mwanao akupendaye, hata leo,

Lusia.