Tairi Nne Nilizoziandika Zimekufa

Bi Shifa mpendwa,

Nakuomba unisaidie kabla ya Jumanne, maana Jumanne saa nne asubuhi rafiki yangu anaitwa mbele ya wakaguzi kwa kosa nililolifanya mimi, na tangu nijue hivyo chakula changu narudi nacho nyumbani kilivyo, wenzangu karakanani wananiuliza kama naumwa nami nawaambia ni mafua.

Mimi ni Mtanzania wa Tanga, nina miaka thelathini na mitatu, nilikuja Guangzhou, huku China, na ami yangu kununua spea za magari, tukapanga mtaa wa Sanyuanli, na huko ndiko nilikokutana na Mkenya mmoja, nimwite Kariuki, fundi wa timu ndogo ya magari ya mashindano, tukaishi chumba kimoja miaka miwili, yeye ndiye aliyenifundisha kuisoma tairi ilivyolika, na yeye ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwenye timu niliyomo sasa, timu kubwa yenye karakana yake huku Nansha, ambako kazi yangu ni tairi tu, kuzifunga, kuzipima upepo na kuziandika daftarini.

Niruhusu nikueleze jambo la kazi yetu ili unielewe. Mashindano yetu yana sheria ya kubana gharama: kila timu ina siku nne tu za majaribio kwa msimu mzima, zikiisha gari halikanyagi uwanja mpaka siku za mbio, kwa sababu zamani timu tajiri zilikuwa zikijaribu magari kila wiki na timu ndogo kama ya Kariuki zikifa moja moja. Baada ya hizo nne tunaruhusiwa siku moja ya kupigia picha za matangazo, gari likimbie kidogo kwa tairi ngumu za maonyesho, tairi ambazo hazimfundishi fundi chochote. Sasa katikati ya msimu huu tukaletewa tairi za aina mpya, na timu zote siku zao za majaribio zilikuwa zimekwisha, ikawa kila fundi anabahatisha upepo wake, ukizidi gari linateleza, ukipungua tairi inachanika.

Laoban wetu, bosi mwenyewe, akaniita pembeni akasema siku ya picha nifunge tairi mpya za mbio badala ya zile za maonyesho, nikamwambia zinahesabiwa, akasema ziandike zimeharibika, nami Bi Shifa nikaandika, tairi nne nzima nikaziandika zimekufa na saini yangu nikatia, na wapiga picha wakaja kweli na kamera zao, gari likakimbia asubuhi nzima, na kufika adhuhuri nilikuwa naijua namba ya upepo ambayo hakuna fundi mwingine aliyeijua. Mbio iliyofuata tukashinda.

Wiki ile Kariuki akaja kwangu kula. Alikuwa mnyonge, timu yao inashika mkia, mdhamini amesema wasipopanda jukwaani hata mara moja anajitoa, na mimi namtazama mtu aliyenipa riziki najua ninachokijua. Kwetu mgeni hatoki mikono mitupu, hilo huhitaji nikuambie, basi nikamfungia pilau ya kwenda nayo, na pale mlangoni nikamnong'oneza ile namba. Akaniuliza nimeijuaje, nikamwambia ni uzoefu tu. Wallahi nilidhani ninamlipa wema.

Akaitumia, gari lao likamaliza la tatu, akanipigia simu analia kwa furaha. Sisi tulioshinda hatukuulizwa, timu kubwa ikishinda hakuna anayeshangaa, lakini siku tatu baadaye wakaguzi, waliopima upepo wa tairi zao, wakamwandikia kwamba timu yake haijawahi kujaribu tairi hizi, basi namba hiyo kamili wameipata wapi kama hawakuendesha gari kwa siri? Asipojieleza anafungiwa, matokeo yanafutwa, mdhamini anaondoka, na watu kumi na mmoja wa timu ile wanakosa kazi.

Nilimwendea kwake nimwambie ukweli. Nilipofungua mdomo akanizuia.

"Usiniambie," akasema. "Ukiniambia nitajua, na nikijua nitaulizwa. Mi nitasema nilibahatisha tu. Wewe uko na bibi anakuja, mimi sina mtu ananingoja. Siwezi kukuchomea, bro."

Kisha akanitengea chai, tukazungumza mambo ya mpira.

Ni kweli, mke wangu, nimwite Sihaba, anakuja mwezi ujao na binti yetu, ualimu amekwishaacha, wanafunzi wake wamemfanyia sherehe ya kumuaga, na viza yao inategemea yangu, na yangu inategemea timu hii. Laoban ananiambia mambo ya Kariuki hayatuhusu. Nikisema nawaumiza mke na mtoto, nikinyamaza namuumiza aliyenifanya mtu, na Sihaba hajui hata neno moja katika haya. Nifanye nini?

Fundi wa Tairi, Nansha


BI SHIFA ANAJIBU

Fundi, mwanangu, mficha uchi hazai, na wewe umejifunua, basi kaa nikuambie. Barua yako ilinifikia Ijumaa. Ilikuwa chini ya barua za wanaume wenye wake wawili, nikaitoa nikaiweka juu. Wao wasubiri, wamezoea.

Kwanza pole. Nimekuonea huruma na sioni haya kusema hivyo. Mtu mbaya angekula na kulala vizuri wiki hii, na wewe huli. Najua pia ilivyo kuambiwa jambo na laoban katika nchi ambayo ukaazi wako umo mfukoni mwake. Wengi wetu hapa tumewahi kutia saini kitu tukiwa tumefumba macho.

Lakini saini ni yako. Laoban alisema, mkono ulioandika ni wako, na usitake nikuoshee.

Mimi nanunua jinzi huku Xintang, magari ya mashindano nikiyaona kwenye televisheni nabadilisha chaneli. Ila hiyo sheria yenu nimeielewa bila mkalimani. Iliwekwa ili mwenye mfuko mnene asimmalize mwenye mfuko mwembamba. Bila sheria hiyo timu ya Kariuki ingekwisha kufa zamani, na Kariuki angekuwa amerudi kwao kabla hajakutana na wewe. Kwa hiyo ulipozifunga zile tairi, yeye ndiye uliyemwibia kwanza. Sijui kama umeliona hilo, maana katika barua yako nzima unasema ulimlipa wema.

Tuje kwenye pilau. Pilau ulimpa ya halali. Namba ulimpa ya haramu, na ubaya zaidi alipokuuliza ukamdanganya. Mtu aliyelishwa nyama ya kibudu bila kujua hana dhambi, mwanangu, mwenye dhambi ni aliyempakulia. Na sasa aliyelishwa ndiye anayetaka kukulipia. Anasema hana mtu anayemngoja. Mtu akisema hivyo hasemi kwamba haumii. Tena ana wenzake kumi nyuma yake, na hao hawakukubali kukufia.

Unaniuliza ufanye nini na jibu unalijua, ulilijua ulipokwenda kwake kumwambia ukweli. Alikuzuia, ukashukuru moyoni kwamba amekuzuia. Si aibu kubwa hiyo, ni ubinadamu. Lakini usiijengee nyumba.

Leo hii, kabla hujamtafuta mtu mwingine, mpigie Sihaba. Umeniandikia mimi nisiyekujua kabla ya kumwambia mwanamke anayefunga mizigo ya kukufuata, na hapo ndipo ninapokugombeza kwa nguvu kuliko kwenye tairi. Mwambie yote, na la saini pia. Ana haki ya kuamua akiwa bado kwao, bado anaweza kwenda kwa mwalimu mkuu wake kuuliza kama nafasi ipo. Atakasirika. Mwache akasirike, usikate simu.

Kesho andika maelezo yako. Yaandike kwanza kwa Kiswahili, ili useme unachokijua, kisha mtafute mfasiri asiyekuwa wa timu yenu. Tarehe ya siku ya picha, tairi nne, ulichoandika daftarini, nani alikuambia na kwa maneno gani, na siku uliyompa Kariuki namba na uongo uliomwambia. Usiongeze ulichosikia kwa wengine, wala usimpambe laoban kwa mabaya usiyoyaona kwa macho yako. Sema mikono yako ilifanya nini. Kama una picha ya ukurasa ule wa daftari, iambatanishe. Kama huna, usiende kuiba daftari, wizi mmoja unatosha.

Jumatatu asubuhi nenda ubalozi mdogo wetu uulize mkataba ukivunjwa una siku ngapi za kukaa na kama unaruhusiwa kutafuta mwajiri mwingine. Uliza wewe mwenyewe, usiulize vijiwe vya Sanyuanli, huko kila mtu ni mwanasheria. Sikuahidi kwamba hutafukuzwa. Nadhani utafukuzwa. Huenda na wewe ukafungiwa, na huenda Sihaba asije mwaka huu. Nayasema haya ili usije ukafika mbele ya wakaguzi ukiwa bado unatarajia muujiza, ukaanza kumung'unya maneno. Ukirudi Tanga utarudi fundi, na mtoto wako atakuwa na baba aliye karibu. Wako wanaorudi na chini ya hapo.

Kariuki usimwombe ruhusa. Atakunyima, kwa sababu ni muungwana, nawe utafurahi kunyimwa kwa mara ya pili. Mwambie tu kwamba utakuja, na kwamba asiseme neno "nilibahatisha" mbele ya watu wale, maana akishalitamka huo utakuwa uongo wake mwenyewe na ukweli wako hautaweza kuufuta.

Kikao ni saa nne. Uwe mlangoni saa tatu na karatasi yako mkononi. Ukifika saa tano utakuwa umekwenda kumpa pole.