Kioo cha Laptop ya Wambui

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefungua bale ya mashuka kabla jua halijafika kwa mabati. Muthurwa yote ikanyamaza. Sawa, haikunyamaza yote, lakini yule mama wa viatu wa jirani alinyamaza, na huyo peke yake ni nusu ya kelele ya soko. Kamera zilikuwa nyingi. Kamera ni zile safi za kwanza, ukitandika hotelini mgeni anaogopa kulala. Zinazobaki ni fagia, za kupangusa gari. Nimeuza vizuri. Mdomo wangu ndio duka. Meza ni ya kuwekea chai tu.

Mchana akaja Wambui, mjukuu wangu. Ana jina la nyanya yake, kwa hivyo kwa desturi yetu ni bibi yangu mdogo. Namwita hivyo mbele ya watu hadi anajifunika uso. Yeye huniita guka, yaani babu. Leo hakujifunika. Ana shida. Mwezi ujao anaingia chuo kusomea kubuni vitambaa. Siku hizi maua ya kitenge yanachorwa kwa laptop, halafu yanatumwa kwa mashine ya kuchapa. Kila duka linamwambia maneno yake kuhusu skrini. Hii inang'aa, hii ni ya rangi ya kweli, hii haichoshi macho. Pesa ni yake, ya kushona uniform mwaka mzima. Hakuna ingine nyuma yake. Skrini ikimdanganya, atachora nyekundu, mashine itoe rangi ya matofali, na kazi yote ikataliwe.

Nikamwambia, bibi, kuna mtu mmoja tu anajua rangi Eastlands nzima, na unamwangalia. Mimi ndiye nilitofautisha kanzu mbili nyeusi za padre stima ikiwa imepotea. Moja ya mazishi, moja ya harusi. Niligusa tu. Nikiiandika hadithi hiyo tena huyo padre atakuwa askofu.

Herufi nilifundishwa ngumbaru nikiwa na mvi. Uongo nilikuja nao.

Jumatano, 6 Agosti

Duka ni la ghorofani, mjini. Laptop zimepangwa kama mikate. Kijana wa hapo anaitwa Brayo. Akasema zote ni ex-UK. Nikacheka hadi nikashika ukuta. Mzungu ametumia, amechoka nayo, imefungwa ikaletwa. Hiyo si mtumba? Basi niko nyumbani.

Nilianza vile mtu wa vitambaa huanza. Nilifinya. Skrini ikafanya mawimbi kama supu. Brayo akapiga nduru. "Guka! Hiyo si blanketi!" Wambui akaangalia dari. Nikamwambia kijana, kitu kinachokataa kushikwa kina siri. Lakini sikufinya tena.

Halafu balbu. Duka limejaa balbu kama chumba cha upasuaji. Balbu ni mfanyakazi wa muuzaji, najua, hata mimi nimeiajiri. Nikasema tubebe hizi laptop nje. Brayo akakataa. Nikamwambia basi nitakaa hapa nihadithie wateja wako maisha yangu mpaka jioni. Akabeba.

Nje kwa roshani, jua kali, skrini zote zikawa nyeusi. Nikaona pua yangu tu. Nikatangaza zote zimekufa. Watu wa duka la pili wakatoka kuangalia. Wambui akaniambia polepole, kitambaa kinarudisha mwanga wa jua, lakini skrini inajiwashia taa yake yenyewe, na jua linaizidi. Aibu kidogo. Si nyingi. Tukasimama ndani ya mlango, mahali penye mwanga wa kawaida.

Hapo ndipo nilifanya kazi. Brayo aliweka picha moja ya bibi harusi kwa zote. Nikazunguka kila moja. Nikainama, nikaangalia kutoka chini, kutoka kando, vile mtu huangalia satini. Kwa zingine, ukienda kando gauni linakuwa jivu na uso unageuka kama negativu ya picha ya zamani. Kwa zingine, hata ulale sakafuni, bibi harusi ni yule yule. Nikasema hizi za kugeuka ni za mtu mmoja aliyeketi wima kama askari. Mwalimu akisimama nyuma yako ataona kitenge kingine. Brayo akasema, "Guka umetoboa. Hiyo ndio tofauti ya paneli." Nikamwambia nilijua. Sikujua, lakini nilikuwa karibu kujua.

Zimebaki mbili. Ijumaa narudi na kipande changu. Kila muuza mashuka anayejiheshimu ana kipande kimoja cheupe kabisa, kimefungwa kwa karatasi, cha kulinganisha. Unakiweka kando ya kitu na uongo unatoka wenyewe.

Alhamisi, 7 Agosti

Mvua. Matope. Hakuna biashara sokoni.

Mteja mmoja amerudisha shuka. Ati nilimwambia ni nyeupe na ni krimu. Nikamuuliza kama nyumba yake haina dirisha. Watu wakacheka, akaenda na hasira. Ni mwanamke wa pili sasa. Simu zimeharibu watu macho.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku mbaya. Nimeshinda na ni siku mbaya.

Laptop mbili mlangoni, kila moja imefunguliwa ukurasa mtupu, mweupe. Nikaweka kipande changu katikati. Ya kushoto ilifanana nacho kama pacha. Ya kulia ilikuwa na manjano, kama shati lililopigwa pasi ya moto. Nikasema kushoto. Sikufikiria hata.

Wambui akasema, "Guka, ya kushoto ni bluu."

Nikacheka. Nikamwambia aangalie tena. Akaangalia, akasema bluu, kama maziwa yametiwa maji. Brayo naye akaingilia. "Ni bluu, guka. Si bluu ya kuua mtu, lakini ni bluu. Ya kulia ndio clean." Nikajua wamepatana. Kijana ni mzuri, msichana ni mzuri, nimekuwa kijana pia. Nikasema hivyo, kwa sauti. Nikamwambia Wambui ana macho ya kifaranga, na kwamba nilikuwa nauza nyeupe kabla baba yake hajajua kutambaa.

Alikunja midomo vile nyanya yake hufanya. Halafu akasema, "Sawa guka. Wewe ndiye unajua." Akamwambia Brayo amwekee ya kushoto mpaka Jumatatu, aje na pesa. Brayo akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akaandika jina.

Tulitembea mpaka stendi. Alibeba mfuko wangu hata hivyo. Heri angenitukana.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya kanisa nilimhadithia Mama Kamau habari ya duka. Nilijisifu. Mama Kamau ni bibi yangu mkubwa, yule wa kweli, na huwa anacheka mahali pa kucheka. Leo hakucheka. Aliacha sufuria, akaingia chumbani, akatoka na foronya mbili. Akazitundika kwa mlango unaoelekea nje. Hapa kwetu Tassia maghorofa yamebanana, mwanga mzuri unaupata kwa huo mlango tu.

"Baba Kamau, gani nyeupe?"

Nikasema zote.

"Angalia vizuri."

Nikasema kama lazima nichague, ya huku.

Akaketi. Akasema, "Hiyo ni krimu. Ulininunulia mwenyewe, ukaniambia rangi ya siagi."

Nilidhani ni mzaha. Nikaziba jicho la kushoto na mkono. Nikaziba la kulia. La kulia, ukungu kidogo. La kushoto, dunia nzima imepitia kwa kikombe cha chai ya rangi. Nilirudia. Nilienda nikaangalia ukuta, unga, ndevu zangu kwa kioo. Ndevu zangu ni za manjano. Nimekuwa nikizisifu.

Sasa naelewa. Ile laptop ya bluu ilikuwa nyeupe kwangu kwa sababu bluu yake imeosha manjano ya macho yangu. Kipande changu nacho nilikiona cheupe kwa mazoea tu. Jicho langu lilichagua dawa yake, si skrini ya mtoto.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu siwezi kusema hapo mezani. Mtu wa rangi bila rangi ni nini? Ni mdomo tu.

Na wale wanawake wa mashuka walikuwa sawa. Nitawatafuta niwabadilishie.

Mama Kamau aliniuliza kama nitamwambia Wambui. Nikasema labda ile ya bluu si mbaya sana. Akanitolea macho. Macho yake ni mazima.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilifika kwa hilo duka kabla halijafunguliwa. Nilitaka kufika kabla ya Wambui ili nibadilishe kimyakimya, niseme nimepata habari mpya kutoka kwa mtaalamu. Hadithi ilikuwa tayari, nzuri, ilikuwa na Mhindi na ndege ya mizigo ndani. Lakini Wambui alikuwa amefika, amekaa kwa ngazi, mkoba kifuani. Aliinuka akasema, "Shikamoo guka," na akajaribu kutabasamu. Alikuwa anaenda kutupa mwaka wake mzima wa kushona kwa sababu ya heshima. Yangu.

Hadithi ya Mhindi ikanipotea.

Nikamwambia, bibi, jicho langu ni fagia. Nikamweleza za foronya. Alicheka kwanza, alidhani natania kama kawaida. Nikamwambia sina mzaha leo, na kusema ukweli sijui hiyo hali inaitwaje. Ndipo akalia, hapo kwa ngazi, watu wanapita na chapati za asubuhi. Nikamwambia anyamaze, nimeharibika jicho, sijafa. Aliyekufa huwa hanunui laptop.

Brayo alipofungua nikasema tunaanza upya. Nikamwambia Wambui, mimi nitatoa njia, wewe utatoa macho. Nikasimama nyuma yake kama mwalimu wa ngumbaru. Weka kipande kando. Sasa punguza ule mwanga wa skrini, muuzaji hupenda kuuwasha wote. Bado ni nyeupe ama imekuwa chafu? Zunguka. Inama. Sasa tafuta picha ya koti jeusi, tuone kama unaona mikunjo ndani ya weusi ama ni shimo tu. Sasa nyekundu tatu zinazokaribiana. Unaziona zote tatu?

Alijibu kila kitu. Bila kuniangalia kwanza. Ile yangu ya bluu iliendelea kuwa bluu, na kwa koti jeusi ilionyesha shimo. Ya kulia ilionyesha kola, vifungo, hata mshono wa bega.

Brayo akaleta ya tatu, mpya, inang'aa kama paa la kanisa. "Madam, hii ndio moto." Wambui akaizungusha kidogo, akasema, "Najiona mimi na wewe na taa zote za dari. Kitenge kiko wapi?" Nilitaka kumbeba juu kama mtu aliyefunga goli. Mgongo ukakataa.

Amenunua ya kulia. Brayo akasema nimpe yeye kazi Muthurwa. Nikamwambia hajui kudanganya vizuri, aanze kufagia.

Jumatano, 13 Agosti

Kliniki ya macho. Foleni ya wazee, kila mmoja na hadithi, zangu zikawa fupi kidogo. Daktari msichana, sauti ya chini. Akamulika. Akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kushoto ndilo limeiva. Nikamuuliza, katika umri wangu, mtoto? Mama Kamau atasema nini? Alicheka, na huyo hajazoea kucheka, niliona. Wanaondoa ukungu, wanaweka kioo kidogo kipya ndani. Akasema rangi zitarudi na nitashangaa.

Nimewekwa kwa orodha. Nitangoja. Naogopa sindano, sitaki mtu ajue.

Wambui ameahidi kuja sokoni Jumamosi kupanga mashuka. Nyeupe huku, krimu kule. Mimi nitauza.

Jumapili, 17 Agosti

Mvua kidogo mchana, halafu ikaacha. Mama Kamau anatoa minji maganda. Wambui ameketi kwa meza karibu na mlango, laptop mbele yake, anajifunza kuchora pindo la kitenge. Mimi nimekaa nyuma yake.

Hakuna aliyemwambia, lakini anataja kila rangi anayoweka. Kwa sauti ya chini, bila kugeuka. Nyekundu. Nyeusi. Hapa kijani kidogo, kama majani ya viazi.

Baadaye nikamwambia pindo la chini ni jembamba, nguo itaonekana kama imekatika. Hilo naliona bado. Akaongeza unene.

"Hapo?"

"Ongeza tena."

Akaongeza. Nikasema hapo sawa. Akaendelea na kazi, na mimi nikasogeza kiti karibu naye.