Kulwa, Nafasi ya Chuo Si Jozi ya Kanga

Kulwa, pacha wangu,

Salamu nimezipeleka mwisho wa barua, maana nikianza nazo nitalainika, na leo sitaki kulainika. Nimeipigia simu yako mpaka yule dada anayesema mteja hapatikani nimemzoea kama ndugu. Mjomba Masanja naye, kila nikimpigia, ananisalimia Kisukuma kwa utaratibu wote, mwangaluka, hali ya mama, hali ya bibi, huko kwenu kuna dalili ya mvua, na nikifanikiwa kumuuliza uko wapi anasema, "Yupo, mayu, katoka na ng'ombe." Asubuhi umetoka na ng'ombe. Jioni umetoka na ng'ombe. Hao ng'ombe wa Mwanhuzi hawalali?

Basi naandika kwenye karatasi, na sitaitia kwenye bahasha. Nitampa konda wa basi ikiwa imekunjwa tu. Akitaka kuisoma njiani aisome, na abiria nao wasomewe. Nakala moja Bi Zuhura wa steshenari ameniomba aibandike ukutani, juu ya mashine yake ya fotokopi, ili mtu mwingine wa Bariadi hii asije akafanya ulichofanya wewe. Ukiona aibu ni sawa. Mimi nimeiona ya kutosha, sasa ni zamu yako.

Unakumbuka michembe ya mama, zile asubuhi za kwenda shamba? Viazi vikavu vilivyochemshwa na karanga, mabakuli mawili, na mama anayanyoosha kwa mikono miwili kwa wakati mmoja ili asiwepo wa kwanza kupewa. Bibi ndiye aliyemfundisha hivyo. Bibi anaamini ukimpa pacha mmoja ukamnyima mwenzake, aliyenyimwa ataugua. Na ilikuwa marufuku mmoja wetu kuanza kula kabla mwenzake hajakaa. Shija, aliyezaliwa nyuma yetu, alikuwa anamaliza lake na kuanza kutuomba, sisi bado tunangojana. Hata nguo zilikatwa kwenye kitambaa kimoja, ndiyo maana ipo ile picha yako umevaa shati la maua ya waridi, na usifikiri nimeitupa.

Kitu kimoja tu hawakutugawia sawa, jina la mama. Mtaa mzima unamwita Mama Kulwa. Ulitangulia kutoka, mimi nikafuata, na kwa tofauti ile ndogo nimeitwa mdogo wako maisha yangu yote. Hilo nilikusamehe zamani.

Uchumi tuliupendea siku moja, tumekaa juu ya magunia ya pamba. Baba alikuwa kwenye foleni ya mizani, ameudhika, kwa sababu bei iliyotangazwa haikuwa ile aliyoitegemea wakati anapalilia. Wewe ukamuuliza ni nani anapanga bei. Baba akasema, "Watu wa uchumi." Ukauliza wako wapi. "Wako huko," akasema, akaelekeza kidevu upande wa barabara ya Lamadi, kana kwamba wamekaa pale njia panda na daftari zao. Ukaniinamia sikioni. "Doto, tuwe sisi. Mimi nitaipandisha, wewe utaizuia isishuke." Tulikuwa wadogo, miguu haigusi chini, lakini mimi sikucheka. Niliona ni mpango mzuri, na mpaka leo naona hivyo.

Ndiyo maana tulichagua EGM wote wawili, uchumi, jiografia na hesabu, wewe shule ya wavulana, mimi ya wasichana, na likizo tukajifungia stoo na vitabu. Ulinifundisha hesabu kwa kunitukana, nami nikakufundisha uchumi kwa kukubembeleza. Matokeo yalipotoka tukalingana, isipokuwa kwenye hesabu, ukanizidi kidogo. Mama akapiga vigelegele viwili, kimoja kwa kila mmoja. Tukaenda kwa Bi Zuhura, tukaomba vyuo vilevile, tukibadilishana kiti mbele ya kompyuta. Uchumi chaguo la kwanza, uchumi la pili, uchumi la tatu. Bi Zuhura akatuambia, "Wanangu, wekeni na kitu kingine. Huo uchumi kila mtu anautaka." Tukamwona mama wa watu haelewi.

Kweli kila mtu anautaka. Utadhani nchi nzima imekalia magunia ya pamba na kuambiwa maneno yale ya baba. Majibu yalipokuja, wewe ulikuwa umechaguliwa vyuo viwili, vyote uchumi. Mimi sikuchaguliwa hata kimoja. Waliniandikia kwamba nina sifa, ila ushindani ulikuwa mkubwa. Hebu fikiria, una sifa na hutakiwi. Jirani zetu wakaanza. "Doto kafeli?" Sijafeli. "Si uende ualimu tu?" Ualimu ni kazi ya heshima, sikatai, lakini mimi sikuiomba. "Kwa hiyo Kulwa kakushinda?" Hapo ndipo nilipokuwa naingia ndani.

Nitasema ukweli, iliniuma. Iliniuma zaidi kwa sababu aliyenishinda alikuwa amekaa uani ananawa miguu, haniangalii usoni. Lakini nilikuwa nimeshapanga. Wewe uthibitishe chuo kimoja, mimi nisubiri dirisha la pili la maombi. Kwisha.

Halafu baba akasema neno lake. Nakumbuka alikuwa ananoa jembe. "Mungu hajakosea," alisema. "Nafasi zimekuja mbili kwa sababu ninyi ni wawili. Moja ya Kulwa, moja ya Doto." Nikamweleza kwamba haviendi hivyo, kwamba zote mbili zina jina la Kulwa na namba yake ya mtihani, akithibitisha moja, ya pili anapewa mtu mwingine kabisa. Baba akanisikiliza vizuri hadi mwisho. Kisha akasema, "Sawa. Na huyo mwingine ni wewe." Baba yetu ni mtu wa kupendwa, ila kubishana naye ni kupalilia mawe. Nikakutazama wewe unisaidie, wewe uliyesoma mfumo wote wa udahili kuanzia juu mpaka chini. Ukainama unatazama jembe.

Kesho yake nikaanza kutetemeka. Malaria, Kulwa! Malaria ya kawaida, ile ya kila mwaka, daktari kaipima na kaiona. Lakini bibi alikuja akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akanishika mguu, akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Nilisema. Mmoja kapewa, mmoja kanyimwa." Na wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Niliuona uso wako. Mtu aliyesoma uchumi na hesabu za juu, anamwamini bibi kuliko kipimo.

Mengine nimeambiwa na Bi Zuhura, maana mimi nilikuwa nameza vidonge na kutapika. Alisema ulikwenda kwake ukaandika barua pepe kwa vyuo vyote viwili, ukiomba nafasi yako moja ahamishiwe pacha wako, mwenye sifa zote, mliyezaliwa naye siku moja. Ulieleza mpaka habari za yale mabakuli. Bi Zuhura akakwambia, "Mwanangu, hizi si kanga, kwamba ukipewa jozi unakata kati unampa mwenzio nusu. Thibitisha moja, uende." Ukakataa. Ukasema ukithibitisha moja tu, ile nyingine itaondoka kabla hawajakujibu. Ukawa unakwenda kila siku kufungua barua pepe, unakuta matangazo, unarudi. Namba ya kuthibitisha iko kwenye simu yako, mfukoni mwako, na muda unakwisha.

Majibu yalikuja dirisha likiwa limeshafungwa. Chuo kimoja tu ndicho kilichojibu, kwa heshima na kwa ufupi, kwamba udahili hauhamishwi. Nafasi zote mbili zikaenda. Watu wawili mahali fulani katika nchi hii, wasiokujua wala kunijua, nikafikiri, watapata uchumi kwa ajili yako, na watashukuru sana.

Niliamka kitandani nikakukuta umekaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Ukaniambia kwa sauti ya chini, "Nilitaka twende wote." Nami nikakuuliza, "Nani alikuomba?" Nililiuliza kwa kelele, mama akatoka jikoni. Silijutii swali, naliuliza tena hapa hapa kwenye karatasi. Ni nani alikuomba, Kulwa? Asubuhi iliyofuata ukapanda gari na mjomba, ukaenda kuchunga, ukazima simu. Umefanya kosa lako na kunisusia mimi!

Nimekukasirikia kwa sababu umenipenda vibaya. Ungekuwa umenichukia ningejua la kufanya.

Sasa sikiliza yaliyotokea nyuma yako. Dirisha la pili lilipofunguliwa niliomba, peke yangu, na mara hii nilimsikiliza Bi Zuhura nikaweka na takwimu chini ya uchumi. Nilitaka kukuombea na wewe, lakini neno la siri unalo wewe, na wewe uko na ng'ombe. Nilipiga, nikapiga. Dirisha likafungwa. Majibu yametoka juzi. Nimechaguliwa, uchumi, chuo kimoja. Na usikae vizuri bado, maana hujui ni kipi. Ni Dodoma, Kulwa. Kile kile cha kwako cha kwanza.

Baba! Hakuna anayeweza kumwambia baba chochote tena. Amepita kwa jirani zote, amepita kwenye chama cha msingi cha wakulima, amesimama mbele ya watu wa mizani akiwaambia, "Si nilisema? Moja ilikuwa ya Doto. Imechelewa tu njiani." Nimemweleza kwamba walioachia nafasi ni wengi, kwamba hakuna ajuaye nimeingia kwenye pengo la nani. Akanisikiliza vizuri hadi mwisho. "Sawa," akasema, "na pengo lilikuwa la nani?"

Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Nikitembea mjini najiuliza kama hii nafasi nimeipata kwa alama zangu au ni bakuli lako umelisukuma kwangu kama zamani, ukijifanya umeshiba. Maana ulikuwa unafanya hivyo. Ulifikiri sioni? Nimekaa na jambo hili, nimelipindua kila upande, na sitalijua kamwe. Hakuna wa kumuuliza. Basi nimeamua kuwa ni yangu. Wana jina langu, wana namba yangu, waliyemchagua ni mimi.

Lakini sasa bibi anasema ningoje. Mama haongei wazi, anapika tu na kuhema, halafu anasema, "Mwaka mmoja si mwingi, Doto. Mwende pamoja, kama mlivyokuja." Wanataka niiache nafasi hii ili tulingane. Umeona ulichokianzisha? Wewe uliacha mbili kwa ajili yangu, na mimi niache moja kwa ajili yako, kisha tukae wote wawili kwenye kinu kilichopinduliwa, tumelingana vizuri sana, na bei ya pamba inapangwa na wengine.

Sikubali. Leo asubuhi nilikwenda kwa Bi Zuhura nikathibitisha. Bi Zuhura alinishika bega, akanikatalia hata kulipa. Nikaenda nyumbani nikamwambia mama. Alilia kidogo, kisha akauliza kama Dodoma kuna baridi.

Dirisha la tatu litafunguliwa baada ya sisi wa la pili kumaliza kuthibitisha, na huwa ni la siku chache, na zitakazobaki za uchumi zitakuwa chache zaidi. Yawezekana usipate. Yawezekana ukapata takwimu, au mipango, au chuo cha mbali na nilipo. Uende hukohuko. Lakini uje uombe mwenyewe, kwa vidole vyako, na ukichaguliwa viwili, mimi nakusihi mbele ya abiria wote wa basi hili, uthibitishe kimoja siku hiyohiyo, usimfikirie mtu. Bi Zuhura amesema kompyuta yake itakungoja. Alisema hivyo kwa ukali, lakini alisema.

Salamu sasa, maana niliahidi. Mama anakusalimu, baba anakusalimu, bibi anauliza kama unakula. Shija amechukua kitanda chako. Mimi nakusalimu pia, na nimekukumbuka mpaka naudhika. Nyumba imepungua, Kulwa. Jana mama alitoa michembe. Alizoea, akashika mabakuli mawili, akanyoosha mikono miwili, halafu akabaki amesimama na moja mkononi. Tukalitazama wote. Baba akasema liwekwe mezani, pengine utatokea. Mimi nikakaa, nikalitazama langu mpaka mvuke ukaisha.

Kisha nikala. Bila kukungoja. Ilikuwa tamu, na nililia, na nilimaliza.

Ni mimi pacha wako Doto, niliyekufuata siku ile, ninayetangulia sasa.