Mistari ya Bombani

Dada yangu mkubwa,

Wifi yako amekufa. Alikufa mwezi wa tano, Jumanne asubuhi, akifagia uwanja wa shule. Moyo ulisimama. Tulipomfikisha hospitali daktari alimgusa shingo tu akatikisa kichwa. Tumezika. Sikukuandikia mapema kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa naishia kwenye neno dada.

Sasa salamu. Mguu wako unaendeleaje? Shemeji bado anakoroma kama mashine ya kukoboa? Wapwa zangu wote nawasalimia, wakubwa kwa wadogo. Sisi tupo. Tunakula, tunalala. Kiberiti wangu ametimiza miaka kumi na mmoja, na mdomo wake ni ule ule unaoujua. Yeye ndiye amenifanya niandike. Wanataka kumfukuza shule.

Nisikilize mpaka mwisho, maana nina hasira, na nisipokuambia wewe nitamwambia mtu kwa ngumi.

Shule yetu zamani ilikuwa fimbo tu. Asubuhi fimbo, mchana fimbo, na watoto wanapigana vile vile. Mwaka juzi akaja mwalimu mmoja, mama mwembamba, watoto wanamwita Mwalimu Mistari. Akawauliza wenzake, mtoto asiyejua kusoma tunamfundisha, asiyejua kusubiri zamu tunamchapa, kwa nini? Wenzake wakacheka. Yeye akaenda akaandika ukutani: tunasubiri zamu, tunasema kwa upole, tunasaidiana. Halafu akaanza kuwafundisha hayo kama anavyofundisha hesabu. Mtoto akifanya vizuri anaambiwa pale pale alichofanya. Si pipi, si zawadi. Anaambiwa tu, nimekuona umemsubiri mwenzako.

Na akataka daftari. Kila ugomvi mstari mmoja: siku gani, saa ngapi, wapi, nini kilitangulia. Yeye anaiita takwimu. Walimu wengine wakasema wana kazi nyingi. Wifi yako akasema mimi niko uwanjani kutwa na ufagio wangu, nipe mimi. Ijumaa wakawa wanakaa, wanahesabu mistari, na Mwalimu anachora nguzo kwenye karatasi ya ukutani ofisini. Ugomvi mwingi, nguzo ndefu. Ugomvi kidogo, nguzo fupi.

Dada, watu wote tulikuwa tunasema wakorofi ni wale wakubwa wa darasa la saba. Mistari ikakataa. Wiki ya kwanza ugomvi kumi na tisa, kumi na nne bombani, saa nne, wakati wa mapumziko. Bomba moja, madarasa matatu yanatoka pamoja, kila mtu ana kiu. Hawakumchapa mtu. Walipanga madarasa yatoke kwa zamu, na wifi yako akasimama pale anawaambia, nimekuona, nimekuona. Nguzo zikashuka. Tisa, sita, nne.

Hakumficha hata mwanawe. Mwezi wa kwanza Kiberiti aliandikwa mara nane. Nikamwambia, mke wangu, mhurumie mtoto wako. Akaniambia nisimfundishe kazi. Akasema ameona kwenye daftari kwamba zote nane Kiberiti alisukumwa kwa nyuma kwanza, na kama angemficha, nani angelijua hilo? Wakamtoa kwenye foleni, wakampa kazi ya kufungua na kufunga bomba. Hana mtu nyuma yake. Mwaka mzima Kiberiti hakumgusa mtu, na alikuwa anatembea kama waziri wa maji.

Wifi yako alipokufa, Mwalimu aliniletea mimi daftari. Nabeba zege pale pale shuleni, tunajenga madarasa mawili. Akasema uwanja unauona, watoto unawajua, andika tu. Nikapokea.

Mwisho wa muhula wakaja watu wa ofisi ya elimu, viatu vinang'aa, wanaruka mchanga wetu kama kuku kwenye majivu ya moto. Wakaangalia karatasi ya ukutani. Wiki tatu za mwisho sifuri. Wakapiga makofi! Hawakwenda bombani, hawakumuuliza mtoto hata mmoja. Mkuu wa shule akahutubia kwamba shule imepona. Muhula mpya ulipoanza akafuta kikao cha Ijumaa. Zamu za kutoka akafuta, zinapoteza muda. Mwalimu Mistari akamtupa stoo ahesabu vitabu. Kiberiti akarudishwa kwenye foleni kama watoto wengine. Na fimbo ikatoka nyuma ya kabati.

Haikupita mwezi. Saa nne, bombani, Kiberiti akasukumwa kwa nyuma, akageuka na kopo la bati akampiga msichana mmoja mdomoni. Meno mawili ya mbele yakang'oka, ya kudumu. Mama wa yule msichana, muuza mkaa, alikuja analia, na ana haki ya kulia. Kiberiti wakamchapa mbele ya shule nzima, wakamleta nyumbani. Kamati inakaa Alhamisi ijayo kumfukuza.

Jumatano iliyopita nilikwenda ofisini kwa Mkuu na saruji yangu mwilini. Hakuniambia kaa. Akaniambia mambo ya mistari yalikuwa mchezo wa mfagizi na mwalimu asiye na kazi. Akagonga ile karatasi kwa kidole: hapa imeandikwa sifuri, meno ya mtoto yameng'oka, basi karatasi ni takataka na mwanao ni mkorofi wa kuzaliwa. Mfagizi, dada! Mazishini alisimama akasema marehemu ameiacha shule na amani, leo ni mfagizi.

Nikamwambia mbele ya karani wake, wewe zege bado bichi unatoa mbao zinazolishika, halafu likianguka unalaumu saruji? Nikamwambia amani si kitu cha kupigiwa makofi halafu mkaenda zenu. Karani akainamisha uso akajifanya anatafuta kalamu. Mkuu akaniambia nitoke. Nikatoka, na kazini sijarudi tangu siku hiyo.

Sasa kaa chini, dada, maana hili ninalokuambia sikumwambia Mkuu.

Zile sifuri ni zangu.

Wiki yangu ya kwanza na daftari nilihesabu ugomvi kumi na moja. Nguzo ya mwisho ya marehemu ilikuwa mbili. Nikaona nikiandika kumi na moja, nguzo itaruka juu pembeni ya ile yake, na watu watasema aah, kumbe alikuwa anaandika uongo, au kumbe amani yake ameondoka nayo. Sikutaka mtu aseme kitu juu yake. Nikaandika mbili. Wiki iliyofuata moja. Halafu sifuri, sifuri, sifuri. Nilidhani namheshimu. Ugomvi ulipanda kwa sababu hakuna aliyesimama bombani badala yake, basi. Ningeandika kumi na moja, Ijumaa ile ile wangeona, wangeweka mtu. Mkuu ni mjinga, neno langu silirudishi. Lakini mjinga nilimpikia mimi mwenyewe, nikampakulia.

Jana nilikwenda kwa Mwalimu Mistari. Alikuwa anafua. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Akakamua shati lile lile mpaka halina tone. Halafu akasema kumi na moja angeijulia la kufanya, sifuri haikumpa pa kushika. Akasema aliumwa kichwa miezi miwili akijiuliza amekosea wapi, watoto wanapigana na karatasi inasema sifuri. Nikataka ardhi inimeze. Hakunitukana. Akaleta karatasi akaniuliza nakumbuka zipi. Tukaziandika zote nilizokumbuka. Ishirini na tatu, kumi na nane bombani.

Akaniambia wazi kwamba karatasi peke yake haitoshi. Alhamisi lazima niseme kwa mdomo wangu, na muuza mkaa atakuwepo, atasikia kwamba kwenye meno ya mwanawe na mimi nimo. Na Mkuu ndiye anayemwambia fundi vibarua gani waingie eneo la shule. Anaweza kunifuta. Nimesema nitasema. Akiniondoa, saruji ipo mahali pengi, shule ya Kiberiti ni hii moja.

Kiberiti nimemwambia pia. Kisha akaniambia, baba, mama angekuandika. Nikamwambia ndiyo, angeniandika. Nikampeleka kwa muuza mkaa, akamwomba mwenzake msamaha, macho chini, lakini aliomba. Hatukwenda kujibiwa.

Usinionee huruma, na usimtume shemeji kuja kunipa ushauri, atamaliza chakula. Niandikie tu nijue bado ni mdogo wako. Wasalimie majirani wanaonikumbuka, na watoto waambie mjomba wao anawapenda. Mguu usiukanyagie sana.

Alhamisi ni mbali, na sitaki Mkuu alisikie mara ya kwanza mbele ya watu, kama kwamba namwogopa. Nitapita ofisini kwake kesho asubuhi nimwambie zile sifuri ni zangu, kabla sijashika beleshi.

Ni mimi mdogo wako, baba Kiberiti. Kesho narudi kazini.